Don Mills kwa Mtu Asiyeendesha Gari

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Binti yangu anaishi Toronto, nchini Kanada, katika mtaa wa Don Mills, nami nimeombwa niende nikae nao ili niwe nikimpeleka mjukuu wangu shule, kwani yeye na mumewe wote wanafanya kazi. Anasema ni mtaa wa viungani, kimya, na kila mtu ana gari. Mimi gari siendeshi. Hapa Lamu maisha yangu yote nimekwenda kwa miguu. Je, huko nitaweza kutoka, ama nitashinda ndani?
Bibi wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kutoka utatoka, na shuleni utafika kwa miguu, ila njia zitakazokufaa si zile atakazokuonyesha mtu aliyezoea usukani.

Don Mills haukuota wenyewe kidogo kidogo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, E. P. Taylor, tajiri wa viwanda vya bia, alijipatia mashamba ya ekari zipatazo 2,000 kaskazini-mashariki ya mji, na kazi ya kuchora ramani akampa Macklin Hancock, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30. Ujenzi ulianza mwaka 1953. Hancock aliligawa eneo mafungu manne yanayokutana pale barabara ya Don Mills inapokatana na ile ya Lawrence, akaweka maduka katikati, akapazungushia barabara iitwayo The Donway, na kila fungu akalipangia shule yake ya msingi. Vitongoji vingi vya Kanada vilivyofuata vilijengwa kwa kuuiga mtaa huu.

Linalokuhusu wewe zaidi ni kwamba barabara za ndani zilipindwa kwa makusudi, na nyingine zikakomea mbele ya nyumba za watu, ili gari lisilo na shughuli humo lisipate sababu ya kuingia. Ukizifuata barabara hizo kwa miguu utazunguka mno kufika mahali palipo karibu. Lakini kati ya kiwanja na kiwanja viliachwa vijia vya waendao kwa miguu, vinavyotokea kwenye bustani na shuleni, ili mtoto asilazimike kuvuka barabara kuu. Mgeni huvipita asivione, kwa sababu mdomo wa kijia umebanwa na nyua za nyumba mbili, kama vile vichochoro vya Mkomani ambavyo asiye mwenyeji hudhani vimeziba mpaka afike konani. Kwa maoni yangu, hivyo ndivyo hazina ya Don Mills, na inasikitisha kwamba mtu anaweza kuishi humo miaka asivikanyage.

Ukimya aliokutajia binti yako ni wa kweli. Nyumba za asili, ambazo sasa nyingi zinabomolewa kupisha kubwa zaidi, ni za chini, zenye paa la mteremko mdogo, na mbele yake kuna nyasi zilizokatwa na miti mirefu. Daka wala baraza hakuna, basi usitarajie kumkuta jirani amekaa mlangoni. Watu hukutana pale katikati, ambapo jengo la zamani la maduka liliondolewa na mwaka 2009 yakafunguliwa maduka ya wazi, yenye uwanja na mnara wa saa uliobuniwa na msanii Douglas Coupland. Jirani na hapo ipo maktaba ya umma, ambamo wewe na mjukuu mtaingia bila malipo.

Kwa nyama halali na sala ya jamaa, panda basi uelekee kusini hadi Thorncliffe Park, mtaa wa maghorofa wenye Waislamu wengi. Karibu zaidi, barabara ya Wynford, ipo Makumbusho ya Aga Khan iliyofunguliwa mwaka 2014, pamoja na kituo cha Waismaili, jamii ambayo wazee wake wengi nchini Kanada walizaliwa Afrika Mashariki. Usishangae mtu akikuitikia kwa Kiswahili.

Kinachohitaji hadhari ni theluji. Kandokando ya barabara manispaa hupitisha mashine za kuisafisha, lakini baadhi ya njia za bustanini huachwa vivyo hivyo, na barafu iliyofichwa na theluji humwangusha hata kijana. Shule hufunguliwa Septemba. Kama tiketi haijakatwa, ningependelea ufike mwanzoni mwa Agosti, utembee na mjukuu mchana kweupe kutoka mlangoni hadi shuleni mpaka uwe na njia mbili unazozijua: ile ya vijiani, na ile ya barabarani utakayoitumia kuanzia Desemba.