Maswali na Majibu: Radoni Haipimwi kwa Usiku Mmoja

Niliwasha kipimo cha kielektroniki cha radoni chumbani usiku kucha, kikaonyesha bekereli 140. Nihame? (Uyole, Mbeya)

Usihame, na tafadhali msiendelee kuniletea namba za usiku mmoja. Radoni, gesi yenye mionzi itokayo ardhini na inayoweza kuleta saratani ya mapafu, hupanda na kushuka ndani ya nyumba kati ya mchana na usiku na kati ya msimu na msimu, jambo ambalo sisi tunaofunga madirisha tangu magharibi kila Juni na Julai tulipaswa kulitambua kabla ya wengine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli (kizio cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo au, pale isipowezekana, kiwango kisichozidi 300, lakini huo ni wastani wa mwaka. Kinachofaa ni kile kisahani cha plastiki ambacho chembe za alfa, yaani za mionzi ya radoni, huacha alama juu yake: hukaa chumbani kati ya miezi 3 na 12, kisha husomwa maabara. Vipimo vya mkaa maalumu, ambavyo hukaa siku chache tu, ni vya uchunguzi wa awali.

Inanuka vipi? (Makete)

Hainuki. Haina rangi wala ladha, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno.

Tunaishi jirani na majabali ya Gangilonga. Tumo hatarini? (Iringa)

Graniti, mwamba wa majabali kama hayo, mara nyingi huwa na urani (metali yenye mionzi) nyingi kuliko miamba mingine, na radoni hutokana na urani hiyo inapovunjika hatua kwa hatua. Hata hivyo, jabali mnalolitazama nje si hoja. Hoja ni ardhi iliyo chini ya sakafu yenu na nyufa zinazopitisha gesi. Nyumba mbili zinazopakana zaweza kutofautiana sana, kwa hiyo kipimo cha jirani hakiwahusu.

Kifaa kikae wapi? Chumbani tunalala na jiko la mkaa. (Njombe)

Chumba cha kulala cha ghorofa ya chini, mbali na dirisha, mlango, jiko na bafu, wala kisifichwe kabatini. Na kwa kuwa mmetaja kwamba chumbani humo mnalala na jiko la mkaa, litoeni leo: radoni hudhuru kwa miaka, lakini monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu ya mkaa unaowaka, huua kabla ya alfajiri.

Kiwango kikizidi, nifanyeje? (Mbeya mjini)

Acha kwanza kuvutia sigara ndani, kwa maana sigara na radoni vikikutana huzidisha mno hatari ya saratani ya mapafu. Ziba nyufa za sakafu na matundu ya mabomba, ingawa kuziba peke yake mara nyingi hakutoshi. Dawa ya uhakika ni bomba lenye feni linalovuta hewa ya chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Fundi akishaondoka, pima upya.