Ukitaka Uafisa wa Majini Ukiwa Chuoni, Anzia Darasa la Hesabu

Tangu niweke picha za kuapishwa kwangu kuwa afisa wa Jeshi la Majini la Marekani mwezi wa tano, jumbe zimenijia kutoka Houston, Minneapolis, Columbus, hata Likoni, Mombasa, nilikozaliwa. Nyingi zinauliza jambo moja: "Dada, ulikuwa ukipiga pushapu ngapi?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Leo nayaandika yote hapa, na nitaanza na swali ambalo hakuna aliyeniuliza: kalkulasi yako, yaani hesabu za juu zinazofuata baada ya aljebra, iko wapi?

Mpango niliopitia unaitwa NROTC, mpango wa kuwafunza wanafunzi wa vyuo vikuu wawe maafisa wa majini. Ulianza mwaka 1926 katika vyuo vikuu sita vya Marekani, vikiwemo Harvard, Yale na Berkeley, na siku hizi umeenea katika vyuo vingi. Unasoma digrii yako kama mwanafunzi mwingine yeyote, ila juu yake unabeba masomo ya kijeshi: historia ya mamlaka ya bahari, mitambo ya meli, silaha, namna ya kuongoza chombo baharini, uongozi na maadili. Alfajiri kuna mazoezi. Mara moja kwa wiki unavaa sare na kuna gwaride. Ukihitimu unakula kiapo na kuwa Ensign, cheo cha kwanza cha uafisa katika Jeshi la Majini la Marekani.

Wadogo zangu mlio nyumbani, njia hii ni ya raia wa Marekani tu. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, anaweza kuandikishwa kama askari wa kawaida, na wapo ndugu zetu waliopata uraia kwa kupitia huko, lakini uafisa hapati mpaka awe raia. Aliyeko Kenya afuatilie matangazo ya KDF, Jeshi la Ulinzi la Kenya.

Kwenye uraia ndipo wengi wetu hukwama, na mimi nilikwamia hapo hapo. Shikeni hili, maana familia nyingi hazilijui: kama una grini kadi, hujafika miaka 18, na unaishi hapa Marekani chini ya uangalizi wa mzazi wako, basi siku mzazi huyo anapoapishwa kuwa raia, nawe unakuwa raia. Sheria hiyo inatumika tangu mwaka 2001. Hakuna mtihani wala kiapo chako wewe. Kinachotakiwa ni ushahidi, na pasipoti ya Marekani ni ushahidi tosha. Mamangu, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akifanya kazi ya usiku ya kuhudumia wazee, aliapishwa nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Pasipoti yangu ilipofika, maombi ya ufadhili wa NROTC wa miaka minne, ambao hukulipia karo, yalikuwa yameshafungwa.

Tulikwenda kwa mshauri wa wanafunzi pale shuleni, mimi na mamangu. Alinitazama, akamtazama mamangu aliyekuwa bado na sare ya kazini, akasema uafisa ni safari ndefu mno kwa mtu kama mimi. Kwa maoni yake ningejiandikisha kama askari wa kawaida, nijifunze upishi au utunzaji wa stoo. Akamkabidhi mamangu kipeperushi. Simdharau mpishi wa meli hata kidogo. Nimekula chakula chake usiku wa manane baharini, nimetoka zamu nimechoka, nikamwombea dua. Kinachoniuma ni kwamba faili langu lilikuwa mezani mbele ya yule mshauri na hakulifungua. Alama zangu za hesabu zilikuwa humo ndani. Mpaka leo nikilikumbuka lile faili koo hunikaba, na ndiyo sababu nawajibu nyote mnaoniandikia, hata usiku.

Alichoshindwa kutuambia ni kwamba kuna mlango wa pili, unaoitwa College Program. Unaingia bila ufadhili. Karo unajilipia, jeshi linakupa sare na vitabu vya masomo yake, basi. Lakini unaamka saa ile ile na wenzako, unakaa darasa lile lile, unakaguliwa viatu kwa jicho lile lile. Kisha unashindania ufadhili wa miaka iliyobaki. Mwaka wa kwanza niliusukuma kwa mkopo na kuosha vyombo kwenye mkahawa wa chuo. Mwaka wa pili nikaupata ufadhili: karo yote, pesa za vitabu, na posho ya kila mwezi inayopanda kadiri unavyosonga mbele, kutoka dola 250 hadi 400. Malazi na chakula havimo. Shangazi yangu alinipa chumba na hakunidai hata senti, Mungu amzidishie.

Sasa, kwa nini mimi, wakati tulikuwa wengi tuliokuwa tukishindana? Ni hesabu. Masharti ya ufadhili yanataka mihula miwili ya kalkulasi kabla ya mwaka wa pili kwisha, na fizikia iliyojengwa juu ya kalkulasi kabla ya mwaka wa tatu kwisha. Hata anayesoma historia hasamehewi. Na nafasi nyingi za ufadhili huenda kwa wanaosoma uhandisi, hesabu na sayansi. Nimeona vijana wenye vifua vya chuma, walionipita mbali katika kila mbio, wakiaga mpango kwa sababu ya kalkulasi. Mtihani wa viungo una mambo matatu tu: pushapu, planki (kujishikilia kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka), na mbio za maili moja na nusu. Mwili wenye afya utafika huko kwa miezi michache ya bidii. Pengo la aljebra ulilolibeba tangu ukiwa na miaka 14 halizibiki kwa miezi michache. Lizibe sasa hivi, kabla hujanunua raba mpya.

Na utaikuta hesabu hiyo hiyo baharini. Kiangazi kimoja nilipelekwa kwenye manowari ya aina ya Arleigh Burke, nikapangwa kumfuata fundi mmoja wa chumba cha injini. Meli hizi zinasukumwa na turbini nne za gesi. Fundi yule alinipa daftari na tochi, akaniambia nisirudi kwake mpaka nimechora njia nzima ya oili: kutoka kwenye tangi, kwenye pampu, kwenye kichujio, kwenye kipoozi, mpaka kwenye gia. Nililala kifudifudi juu ya sakafu ya vyuma nikifuata bomba moja kwa kidole mpaka linapozama ukutani, halafu nakimbilia upande wa pili kulisubiri litokee. Nilipomletea mchoro, aliuliza shinikizo litakuwaje nikifunga vali fulani. Nilikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimesoma fizikia yangu. Kuanzia siku ile alianza kunijibu maswali kama mtu ambaye siku moja atafanya kazi chini yangu.

Kuogelea nako kuna habari yake. Watu hudhani mtoto wa Likoni huzaliwa anajua kuogelea. Kwetu mtoto wa kike alikuwa hakubaliwi hata kuloanisha goti; bahari niliijua kwa kuivuka na feri. Jeshini huepuki: unaruka kutoka kwenye jukwaa refu, unaogelea yadi 50, unaelea kifudifudi dakika tano, na ovaroli lazima ulijaze hewa likubebe. Hizo dakika tano ndizo zilizonitesa. Uso uko majini, mikono imening'inia, unainua kichwa kuvuta pumzi, unarudi chini, na akili inakupigia kelele kwamba unakufa. Mkufunzi wetu, sajini wa Marine (kikosi cha Marekani cha askari wanaopigana kutokea baharini), alikuwa akibaki nami bwawani baada ya wengine kuondoka. Alipiga magoti ukingoni akawa anagonga kigae kwa pete yake, taratibu, ili nisikie chini ya maji kwamba yupo. Kuna desturi kwamba afisa mpya humpa sarafu ya dola ya fedha askari anayempigia saluti ya kwanza. Yangu nilimpa yeye, na sioni aibu kusema nililia mbele ya kikosi kizima.

Kwa hiyo mkijipanga, jipangeni hivi: karatasi za uraia kwanza, hesabu ya pili, maji ya tatu, pushapu mwisho. Msiruhusu mtu ambaye hajafungua faili lako akupangie maisha. Na msiende kwa sababu ya sare au picha. Ukipokea ufadhili unaahidi angalau miaka mitano ya utumishi kamili, na ukitaka urubani ni zaidi. Aliyepewa wa miaka minne anaweza kuondoka bila deni kabla mwaka wa pili haujaanza. Baada ya hapo, ukiacha, unaweza kutakiwa kurudisha fedha zote au kutumikia kama askari wa kawaida. Meli inaweza kwenda mahali ambapo hukukubaliana na waliokutuma. Hilo lizungumze na nafsi yako na dini yako mapema, siyo ukiwa gatini na begi begani. Mimi nililizungumza na mamangu jikoni kwa muda mrefu sana, na hatukukubaliana kila kitu.

Nendeni na wazazi kwenye ofisi ya NROTC kabla hamjatia sahihi. Mamangu alikuja na daftari lake la kazini, akamuuliza afisa mwenye zamu: mwanangu akiumia mazoezini, nani atanipigia simu, na hospitali atalipa nani? Afisa akatoa mkataba, tukausoma mstari kwa mstari, nikimweleza mamangu kwa Kiswahili kila palipokuwa na maneno ya kisheria. Ilituchukua asubuhi nzima na hakuna aliyetuharakisha. Ukikuta ofisi inayokuharakisha, mwambie utarudi kesho, na urudi na mtu anayejua kusoma mikataba.