Anza na upande wa pili wa Hot Space

Ndugu wa Nkuhungu, umeuliza kama wenzako hapo Dodoma wana haki ya kuiita Hot Space, ya mwaka 1982, albamu mbovu kuliko zote za Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Mimi nakataa kabisa. Kilichowaudhi mashabiki ni upande wa kwanza wa sahani ya santuri, ulioegemea vinanda vya elektroniki na midundo ya disko, huku gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa bendi, walilozoea kulisikia likitawala, likiwekwa pembeni. Anza na upande wa pili: Put Out the Fire, ambamo gitaa hilo linanguruma, kisha Life Is Real, ambamo mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wetu wa Zanzibar, anamkumbuka John Lennon wa Beatles kwa upole unaogusa moyo. Ndipo urudi kwenye Staying Power, wimbo unaofungua upande wa kwanza, uisikilize kwa spika yenye besi nzito, si ya simu.