Delft, Den Haag na Leiden kwa siku moja: anza na kinachofungwa mapema

Ramani ya Uholanzi hudanganya. Kutoka Amsterdam hadi Haarlem ni kama robo saa kwa treni, Haarlem hadi Leiden ni dakika 20 hivi, Leiden hadi Den Haag (The Hague) ni robo saa nyingine, na Delft iko pua na mdomo na Den Haag. Basi mgeni anapanga miji mitano kwa siku moja, na jioni anachokumbuka ni ngazi za vituo vya treni. Katika nchi hii umbali hausumbui. Kinachoibana siku ni saa za kufunguliwa na kufungwa kwa makanisa na makumbusho, na siku ya juma uliyochagua.

Mpango unaofanya kazi ni miji mitatu: Delft asubuhi, Den Haag mchana kwa makumbusho moja tu, Leiden jioni. Wengi huanza na Leiden kwa kuwa iko karibu zaidi na Amsterdam, wakafika Delft saa kumi alasiri na kukuta milango inafungwa. Vitu vya thamani vya Delft viko ndani ya makanisa mawili, Oude Kerk na Nieuwe Kerk, yenye saa maalumu na tiketi. Uzuri wa Leiden uko nje, barabarani na kando ya mifereji, na hauna mlango wa kukufungia.

Siku ya juma ndiyo uamuzi wa kwanza. Jumapili makanisa hayo mawili ya Delft ni ya ibada, watalii hawaingii. Jumatatu makumbusho mengi nchini hufungwa, na Mauritshuis, makumbusho ya picha ya Den Haag, hufunguliwa saa saba mchana. Alhamisi kuna soko kwenye uwanja wa Markt wa Delft: ni raha kwa tumbo, ila mahema hufunika ile mandhari ya uwanja kila mtu aliyoifuata. Jumatano na Jumamosi soko liko Leiden, kando ya mfereji wa Nieuwe Rijn. Epuka tarehe 3 Oktoba kama hupendi umati, maana siku hiyo Leiden husherehekea kuvunjwa kwa mzingiro wa Wahispania mwaka 1574, na mji mzima huwa barabarani.

Panda treni Amsterdam Centraal saa mbili na nusu asubuhi. Safari ya Delft ni karibu saa moja, na baadhi ya treni hukutaka ubadilishe Den Haag HS. Jihadhari na treni iitwayo Intercity direct: hiyo hutoka uwanja wa ndege wa Schiphol ikaenda moja kwa moja Rotterdam bila kugusa Leiden, Den Haag wala Delft. Den Haag nako kuna vituo vikuu viwili, Centraal na HS, kwa hiyo mkipotezana mtajiane kituo kwa jina lake kamili.

Malipo ni kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine, unapoingia na unapotoka. Kila msafiri awe na kadi yake, na kadi iliyoingilia ndiyo itokee. Aliyegusisha kadi ya plastiki asubuhi akatokea kwa simu atahesabiwa kama watu wawili ambao safari zao hazikukamilika, na atakatwa zaidi ya nauli. Zile kadi pepe za mtandaoni zinazotolewa kupitia pesa za simu Kenya na Tanzania hazina kitu cha kugusisha getini, labda kama umeziweka kwenye pochi ya simu. Mwenye kadi ya namna hiyo anunue tiketi kwenye programu ya NS, kampuni ya reli. Fungua programu hiyo usiku wa kuamkia safari pia, kwa sababu mwishoni mwa juma reli hukarabatiwa na abiria huhamishiwa kwenye mabasi.

Kituo cha Delft kiko chini ya ardhi. Ukipanda juu, ufuate mfereji wa Oude Delft kuelekea kaskazini, na ndani ya dakika 10 utauona mnara uliopinda wa Oude Kerk. Umejengwa juu ya mfereji uliofukiwa, udongo ukatitia, na kilele chake kimetoka nje ya mstari kwa karibu mita 2. Ndani amezikwa mchoraji Johannes Vermeer (1632–1675), na pia Antonie van Leeuwenhoek, yule aliyeona vijidudu kwa lenzi alizozisaga mwenyewe. Ng'ambo ya mfereji ni Prinsenhof, ambako Willem van Oranje, kiongozi wa uasi wa Waholanzi dhidi ya Hispania, alipigwa risasi tarehe 10 Julai 1584. Matundu ya risasi yamehifadhiwa ukutani. Jengo hilo limekuwa kwenye ukarabati mkubwa, hivyo hakikisha limefunguliwa kabla ya kulilipia ndani ya kifurushi cha matembezi.

Kaburi la Willem liko Nieuwe Kerk, kwenye uwanja wa Markt, na tiketi ya makanisa hayo mawili huuzwa pamoja. Hapa mwongozaji mzuri huanza kustahili fedha yake. Atakugeuza uangalie ukumbi wa mji ulio mkabala, akueleze kwamba msanifu Hendrick de Keyser ndiye aliyelibuni kaburi na ndiye aliyeujenga upya ukumbi huo baada ya moto wa 1618. Atakuambia pia kwamba familia ya kifalme hadi leo huzikwa chini ya sakafu hiyo, katika chumba kisichofunguliwa kwa umma.

Mnara wa Nieuwe Kerk una tiketi yake. Una ngazi 376, nyembamba na za kuzunguka, wanaopanda na wanaoshuka wakipishana mumo humo. Mwenye shida ya moyo, magoti au kizunguzungu abaki chini anywe kahawa. Wenye afya watenge dakika 45. Ukipanda mnara, sahau kiwanda cha vyombo vya kauri cha Royal Delft: kiko robo saa kwa miguu nje ya kitovu cha mji na kinakula zaidi ya saa moja. Huwezi kupata vyote viwili. Kwa maoni yetu mnara ni bora siku ya jua, kiwanda siku ya mvua. Na hivyo visahani vya bluu vya bei rahisi vinavyojaza maduka ya Markt, vingi vimebandikwa picha kwa mashine, kilichochorwa kwa mkono huandikwa chini yake „handgeschilderd", na bei yake hukushtua kidogo.

Kosa linalojirudia Delft ni kutafuta picha za Vermeer. Hakuna hata moja ya asili mjini humo. Ziko Den Haag, na ndiyo sababu ya kituo cha pili.

Tiketi ya Mauritshuis ina saa yake. Chukua ya saa nane mchana. Begi kubwa haliruhusiwi. Makumbusho ni madogo, saa moja na nusu inatosha, na usijaribu kuona kila picha. Anza na mandhari ya Delft ya Vermeer, uone minara uliyotoka kuiacha asubuhi, kisha picha yake ya msichana mwenye hereni ya lulu. Tafuta picha ya ndege mdogo ya Carel Fabritius, ya 1654, mwaka ambao mchoraji huyo alikufa Delft ghala la baruti lilipolipuka, tarehe 12 Oktoba. Na usitoke kabla ya kuona picha ya Rembrandt ya Waafrika wawili, ya 1661. Makundi mengi huipita mbio. Jumba lenyewe alijengewa Johan Maurits, gavana wa Waholanzi kule Brazil, ambaye watu wake waliiteka Elmina, ngome iliyoko Ghana ya leo, mwaka 1637 ili kupata watumwa. Mwongozaji asiyeligusa jambo hilo, muulize.

Wageni kutoka Kenya na Congo karibu wote huulizia mahakama. Jumba la kifahari lenye mnara linalopigwa picha ni Vredespaleis, la mwaka 1913, na humo imo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayosikiliza kesi za nchi kwa nchi. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inayoshtaki watu binafsi, ni nyingine kabisa. Iko kwenye jengo jipya karibu na matuta ya mchanga ya pwani, na kwenda na kurudi hukumalizia alasiri yote. Vredespaleis unaweza kuiona kwa dirisha la tramu namba 1. Binnenhof, makao ya bunge, yamezungushiwa uzio wa ujenzi tangu 2021, kwa hiyo usiwekewe kwenye bei ya matembezi.

Kula hapo Den Haag kabla ya makumbusho. Mji una Wasuriname wengi wenye asili ya India, na roti yao ya kuku na viazi haitamshinda mtu yeyote aliyekulia chapati. Maduka ya halali si ya kutafuta kwa tochi. Beba kadi hata kwa kula, kwani sehemu nyingi hazipokei noti.

Leiden utafika kama saa kumi na moja jioni. Kiangazi una saa nne au tano za mwanga. Desemba giza limeshaingia, na hapo afadhali uiache Leiden kwa siku nyingine. Kutoka kituoni pita kinu cha upepo cha De Valk, kisha panda Burcht, ngome ya mviringo juu ya kilima kilichotengenezwa na watu. Hakuna kiingilio na mji wote unauona. Shuka hadi Rapenburg, mfereji wa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1575. Mahali safu ya nyumba za kale inapokatika ghafla na kuanza bustani ya Van der Werf, ndipo meli ya baruti ilipolipuka tarehe 12 Januari 1807. Miji miwili ndani ya siku moja, yote imepasuliwa na baruti.

Kuhusu mwongozaji: Uholanzi kazi hii haihitaji leseni, mtu yeyote anaweza kujiita hivyo. Kabla ya kulipa uliza mambo manne. Je, anaingia nanyi ndani ya makanisa au anaeleza mlangoni? Tiketi zimo kwenye bei? Kundi ni la watu wangapi? Wakizidi 15, wa nyuma hawasikii kitu, na barabara za kando ya mifereji hazina nafasi. Na ikiwa ni kwa basi, mnakaa dakika ngapi katika kila mji kwa miguu, bila kuhesabu mwendo wa kutoka maegesho? Basi kubwa haliingii katikati ya Delft, hivyo „saa moja Delft" ya kwenye tangazo hubaki dakika 40. Bakshishi si lazima, isipokuwa kwenye matembezi yanayoitwa ya bure, ambako hiyo ndiyo mshahara wa mtu.

Kinachotia wageni hatarini zaidi ni baiskeli. Njia yenye lami nyekundu si ya miguu, usisimame hapo kupiga picha wala kusikiliza maelezo. Wanakuja kwa kasi na hawatangazi. Vaa viatu vya soli nene kwa sababu ya matofali ya barabarani, na koti la mvua lenye kofia, maana upepo huvunja mwavuli. Choo cha kituoni hulipiwa, kwa kadi, karibu yuro moja. Kutoka Leiden hadi Amsterdam ni dakika 35 hivi, na treni hupita mara kadhaa kwa saa hadi usiku, kwa hiyo chakula cha jioni ule huko huko.