Kimara au Kigamboni kwa anayefanya kazi Posta

Kaka, karibu Dar. Umeuliza upange Kimara au Kigamboni, maana unahamia kutoka Mwanza na kazi yako iko Posta. Mimi nakushauri Kimara, tena usiende mbali na Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yanapita hapo tangu 2016, yanakufikisha hadi Kivukoni, karibu na Posta. Ila mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani, lililo njiani, hujaa maji na njia hufungwa. Kigamboni kumetulia, lakini kila asubuhi ni foleni ya pantoni au kuzunguka darajani. Kabla hujamlipa dalali, waulize majirani maji ya masika yanafika wapi. Mimi sikuuliza, nikalipa kodi ya miezi sita, mwezi wa pili tangu nihamie godoro likaelea.