Dynaco Stereo 70: valvu inawaka nyekundu mchana, jioni inalia vizuri

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mjomba wangu aliishi Marekani miaka mingi, na aliporudi Tanga alikuja na amplifaya ya valvu, Dynaco Stereo 70. Sasa amenikabidhi mimi. Nimeifunga kwenye transfoma ya kushusha umeme kutoka 220 hadi 110, na spika zangu ni za omu 8. Jioni nikipiga taarab au dansi la zamani inalia vizuri, ila besi imelegea kidogo. Bayasi (volti inayopanga mkondo wa valvu zikiwa zimetulia) niliipanga mwenyewe usiku mmoja, mita ikasoma volti 1.56 kila upande kama kitabu chake kinavyoelekeza. Tatizo ni mchana, hasa Jumapili asubuhi: valvu moja ya upande wa kushoto inawaka nyekundu ndani, na spika ya upande huo inavuma. Je, ninunue valvu mpya? Nimeambiwa zile za zamani za Ulaya ndizo zenye sauti.
— Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue valvu bado, ndugu yangu. Na tafadhali usiiwashe tena mchana mpaka umalize kazi nitakayokueleza. Ule mwanga mdogo wa rangi ya chungwa katikati ya valvu ni wa kawaida, ni uzi wake wa moto. Lakini bati la nje likianza kuwa jekundu, maana yake valvu inapitisha mkondo kuliko inavyoweza kuvumilia. Ikiachwa hivyo itakufa, na ikifa vibaya inaweza kuondoka na transfoma ya kutolea sauti. Valvu utapata nyingine. Transfoma ile ndiyo iliyoipa amplifaya hii sifa yake, na kuipata nyingine halisi ni shida.

Stereo 70 ilitoka mwaka 1959 na ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa Marekani, volti 120 na hezi 60. Inatoa wati 35 kila upande kwa valvu nne za EL34, ikisaidiwa na GZ34 moja ya kunyoosha umeme na 7199 mbili ndogo za kusukuma. Ni mashine ngumu, lakini imezoea umeme uliotulia, na wa kwetu hautulii. Hapo ndipo ugonjwa wako ulipoanzia.

Tufanye hesabu. Transfoma yako inagawa kwa mbili. Jioni watu wote wamewasha taa na majiko, umeme ukashuka mpaka volti 200, amplifaya inapata 100. Jumapili asubuhi ukipanda mpaka 240, inapata 120. Ulipanga bayasi usiku, umeme ukiwa chini. Kwenye volti 100, umeme mkubwa wa ndani, ule unaolisha mabati ya valvu, unakuwa karibu volti 340. Ukipitisha miliampea 50 kwa kila valvu, bati linabeba wati 17. Hapo hakuna neno. Asubuhi ule umeme mkubwa unapanda kufikia 410 hivi, na mkondo nao unapanda hadi kama miliampea 65. Zidisha: ni zaidi ya wati 26. Kikomo cha bati la EL34 ni wati 25. Kwa hiyo hata valvu nzima kabisa ingeanza kulalamika, na haikuharibika kitu chochote kati ya usiku na asubuhi.

Utauliza, mbona inayowaka ni moja tu? Kwa sababu ile 1.56 uliyosoma si ya valvu moja. Kwenye mashine hii kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) za valvu mbili za upande mmoja zimeungana kwenye rezista moja ya omu 15.6, na volti 1.56 juu yake ni miliampea 100 za valvu zote mbili kwa pamoja. Zikiwa pacha, kila moja inabeba 50. Zikiwa zimetofautiana, moja inaweza kubeba 65 na mwenzake 35, na mita yako isikuonyeshe lolote. Naamini ndivyo ilivyo upande wako wa kushoto. Hata ule mvumo unaelekea huko: valvu mbili za aina hii ya saketi zinafutiana mvumo wa umeme mkubwa pale tu zinapobeba sawa.

Basi kazi ya kwanza ni kuupa umeme utulivu. Tafuta stabilaiza ya mota, ya VA 1000, uiweke kabla ya transfoma ya kushusha. Ile ya rilei ni ya bei rahisi zaidi, lakini inaruka ngazi kwa ngazi na utaisikia ikigonga katikati ya wimbo. Lengo lako liwe volti 110 hadi 115 zinazoingia kwenye amplifaya, usilazimishe 120. Sababu ni hezi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 ikipewa volti 120 za hezi 50, chuma chake kinabeba sumaku asilimia 20 zaidi ya ilivyopangiwa. Transfoma ya umeme ya Stereo 70 inajulikana kwa kuchemka hata huko kwao. Ukiipa 110, ziada inashuka hadi asilimia 10. Nyuzi za moto za valvu, zinazotaka volti 6.3, zitapata kama 5.8, na hilo bado limo ndani ya mipaka. Zikishuka kwenye 5.2, kama inavyokutokea jioni, valvu inanyimwa joto na besi inalegea. Ulilisikia sawasawa.

Kazi ya pili ndiyo ya kuweka mkono ndani, na hapa nakuomba usikimbilie. Mle ndani kuna volti zaidi ya 400, na kapasita zinazishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri dakika kadhaa, kisha chukua rezista ya kiloomu 22 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya zenye mpira mzuri wa kuzuia umeme, uishike kati ya mguu wa kapasita kubwa na chesisi (fremu ya chuma ya amplifaya) kwa sekunde kama 15. Rudia kwa kila mguu. Halafu pima kwa mita, na usiguse kitu mpaka isome chini ya volti 10. Unapopima umeme ukiwemo, mkono mmoja ukae mfukoni. Kama hujawahi kushika pasi ya kulehemu, mpelekee fundi anayezijua redio za valvu. Wazee wa kazi hii bado wapo, na wengi watafurahi kuiona.

Ondoa ile rezista ya omu 15.6 ya kila upande, utenganishe kathodi, na kila valvu uipe rezista yake ya omu 10, wati 1, yenye usahihi wa asilimia 1. Kathodi ni mguu wa 8 wa EL34. Angalia pia mguu wa 1, maana kwenye mashine nyingi umefungwa pamoja na huo wa 8. Kuanzia hapo hesabu inakuwa nyepesi: volti 0.50 ni miliampea 50, na 0.40 ni miliampea 40. Mimi ningeweka 0.40. Kitabu kinasema 50, lakini kitabu kiliandikwa valvu zikiwa bei rahisi na umeme ukiwa sawa. Kwa sauti ya sebuleni hutasikia umepungukiwa, na valvu zitaishi zaidi. Tofauti ya miliampea 5 kati ya pacha inavumilika. Ikizidi hapo, badilishana valvu za kushoto na kulia mpaka upate jozi zinazokaribiana. Huenda kati ya nne ulizonazo jozi mbili zinazofaa zikapatikana bila kutoa senti.

Kabla ya kuiwasha baada ya kulehemu, chomoa valvu zote, GZ34 ikiwemo, na uiwashe kupitia globu ya kizamani ya waya, ya wati 100, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Taa ya LED haifai. Globu ikimulika mara moja kisha ikafifia, uko salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna mahali pameshikana. Kisha ondoa globu, pima mguu wa 5 wa kila soketi ya EL34: lazima ukute volti hasi, thelathini na kitu hivi, zinazobadilika ukizungusha bisibisi kwenye kirekebisho cha bayasi. Usipozikuta, usichomeke EL34 hata kidogo. Mara nyingi mkosaji ni ile rektifaya (kinyoosha umeme) ya seleniamu ya zamani ya bayasi, ambayo huchoka kwa umri, na dayodi ya kawaida ya silikoni inachukua nafasi yake.

Zikichomekwa valvu, spika ziwe zimeshafungwa. Amplifaya ya aina hii haipigwi bila spika. Iache ipate moto nusu saa, ndipo upange bayasi, upande huu kisha ule, urudie tena, maana upande mmoja unaugusa mwingine. Pima tena baada ya saa moja. Kama namba ya valvu moja inapanda taratibu bila kutulia, hamishia valvu hiyo upande wa pili. Tatizo likiifuata, valvu imekwisha. Likibaki palepale, kapasita ya mikrofaradi 0.1 inayoleta sauti kwenye gridi (wavu unaodhibiti mkondo ndani ya valvu) inavujisha umeme, na baada ya miaka yote hii mimi nazibadilisha zote nne bila kusubiri.

Mvumo ukibaki, toa waya za sauti na uzibe matundu ya kuingilia kwa plagi za RCA (zile za waya za sauti) ambazo pini na ganda lake vimeunganishwa ndani. Ukikatika, unatoka kwenye waya zako au kwenye mashine iliyo mbele yake. Ukibaki, mzito na wenye mkwaruzo, ile kapasita kubwa yenye sehemu nne, za mikrofaradi 30-20-20-20, imezeeka. Hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa umri wake. Na ile plagi ya miguu miwili ya Kimarekani iondoe. Weka waya wa miguu mitatu, wa ardhi uende kwenye chesisi. Transfoma nyingi za bei nafuu za kushusha umeme hazitenganishi chochote kati ya ukuta na wewe.

Kuhusu spika, anza na tundu la omu 8, kisha ujaribu zilezile kwenye tundu la omu 4. Utapoteza nguvu kidogo, lakini besi mara nyingi inakaza, na zeze na ganuni zinasimama kila kimoja mahali pake. Chagua kwa masikio yako, kwa wimbo unaoujua vizuri.

Valvu za zamani za Ulaya ni nzuri, sikatai. Ila tofauti ya sauti kati ya EL34 moja nzuri na nyingine ni ndogo kuliko tofauti uliyokuwa ukiisikia kati ya jioni na asubuhi. Za 7199 zichunge sana, siku hizi ni adimu. Ukiuziwa 6GH8A kama mbadala, jua miguu yake imepangwa tofauti, na bila adapta usiichomeke.

Mwisho, hapo Tanga upepo wa bahari unakula miguu ya valvu. Safisha soketi kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, na uiache amplifaya mahali pa wazi, isifunikwe kitambaa wala kuingizwa kabatini. Ukishafunga rezista, niandikie namba nne za kathodi, pamoja na volti zinazoingia asubuhi na jioni. Kwa namba hizo nitajua kama kuna valvu ya kununua, na ni ngapi.