Bustani Yetu: Masika Yameingia, Tuzungumze Mizizi

Mvua zimeanza, na barua zimekuja nazo. Kuna waliochomeka vipandikizi, waliohamisha miche, na safari hii wapo wengi wanaojaribu bonsai, yaani miti inayokuzwa ikiwa midogo chunguni. Tumechagua barua tano. Zinauliza mambo tofauti, lakini zote zinarudi kwenye mizizi na udongo wake.

Nilichomeka vipandikizi kumi na viwili vya bogenvilia. Wiki ya tatu vyote vilitoa majani, nikashukuru. Wiki ya sita vyote vimenyauka, na nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Tanga*

Majani yale yalitoka kabla ya mizizi. Kijiti cha bogenvilia kina akiba ya wanga ndani yake, na akiba hiyo inatosha kuchipuza majani hata kama chini hakuna mzizi. Ikiisha, majani yanaendelea kupoteza maji na hakuna kinachoyarudisha. Kumwagilia mara mbili kwa siku, tena masika, kumezidisha tatizo: ncha iliyokatwa ilikaa ndani ya maji, ikakosa hewa, ikaoza.

Rudia hivi. Tafuta tawi lililokomaa, gome lake limeanza kugeuka kahawia, unene wa penseli. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kiwe na vifundo vinne, yaani pale majani yanapochomoza. Upande wa chini kata kwa mshazari, chini kidogo ya kifundo; upande wa juu kata mkato ulionyooka. Tofauti hiyo itakuonyesha kichwa ni kipi, maana kijiti kilichochomekwa kichwa chini hakitakufaa. Ondoa majani yote.

Changanya sehemu mbili za mchanga wa mtoni uliooshwa na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa hadi zikawa nyeusi. Zikifika kuwa majivu zimepitiliza. Mchanga wa pwani una chumvi, uache. Samadi nayo iache kwa sasa: kidonda kibichi hakihitaji chakula, kinahitaji usafi na hewa. Kama una poda ya homoni ya mizizi, chovya ncha, kung'uta inayozidi, kisha toboa tundu kwa kijiti kingine kwanza ili poda isifutike unapochomeka. Vifundo viwili vizame, viwili vibaki juu. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini penye mwanga, na umwagilie pale tu sentimita mbili za juu zinapokauka.

Hesabu wiki nane hadi kumi. Usivute kijiti kujaribu kama kimeshika. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika kwa mguso mdogo. Tazama matundu ya chini ya kiriba, yaani mfuko wa nailoni ulimochomeka kijiti; ukiona ncha nyeupe zimechungulia, mche uko tayari. Siku ya kuhamisha, pasua kiriba kwa wembe na uteremshe bonge zima shimoni bila kulitikisa. Hapo ndipo wengi hupoteza mche uliokwisha kushika.

Nina mkwaju wa miaka miwili kwenye chungu cha bonsai. Naupogoa kila mwezi kama inavyotakiwa, lakini shina bado ni jembamba kama kalamu. Kwa nini haunenepi?
*Msomaji, Dodoma*

Kwa sababu unaupogoa kila mwezi, na kwa sababu uko kwenye chungu cha bonsai. Chungu kile kifupi ni cha mti uliokwisha kupata umbo. Shina hunenepa kwa chakula kinachotengenezwa na majani mengi juu, huku mizizi ikiwa na nafasi ya kutembea chini. Wewe umeubana pande zote mbili.

Utoe. Masika ndiyo wakati wake. Osha udongo taratibu, tafuta mzizi mkuu unaokwenda chini wima, uufupishe kwa mkasi mkali. Mizizi ya pembeni ipunguze ncha tu, na kwa jumla usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mizizi yote. Panda ardhini au kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa vizuri chini. Kabla ya kupanda, laza kipande cha kigae bapa chini ya kitako cha mti: mizizi ikikutana nacho itatambaa kando badala ya kuzama, na miaka michache baadaye utakuwa na ule msingi mpana unaoupa mti mdogo sura ya mkongwe.

Kisha uache ukue. Miaka miwili, mitatu, usiguse kilele. Shina likifikia unene unaoutaka, lipunguze kwa mkato wa mshazari juu tu ya tawi la chini, na tawi hilo ndilo litakalokuwa kilele kipya. Baada ya hapo ndipo chungu kifupi.

Udongo wa chungu hicho si ule wa bustani, ambao hushikamana ukawa kama tope la kufinyangia. Ponda matofali ya kuchoma, chekecha kwa matundu ya milimita 6, kisha chekecha tena kwa milimita 3 na utupe kinachopita. Vumbi lile ndilo huziba njia za hewa na kuozesha mizizi. Chukua punje zilizobaki, sehemu tatu kwa sehemu moja ya mboji iliyoiva.

Kuhusu kukunja matawi, fanya yakiwa bado kijani. Tawi la mkwaju likikomaa huwa gumu na huvunjika. Tumia waya wa alumini wenye unene wa karibu theluthi ya tawi, uuzungushe kwa mlalo wa digrii 45. Msimu huu kagua kila wiki, kwa kuwa tawi linanenepa haraka na waya huzama kwenye gome na kuacha kovu la kudumu. Wakati wa kuutoa, ukate vipande vipande kwa koleo, usiufungue kwa kuuzungusha kinyume.

Jambo moja zaidi, maana limeua mikwaju mingi ya vyunguni: jioni vijani vyake hujifunga. Mti haujanyauka wala hauna kiu. Unalala. Usiumwagilie kwa sababu hiyo.

Waridi la jangwani nililopanda kwa kipandikizi linachanua vizuri, ila kitako chake hakivimbi kama cha waridi la jirani. Na masika haya naweza kulihamisha?
*Msomaji, Mombasa*

La jirani huenda limetokana na mbegu. Mche wa mbegu hujenga kitako kinene tangu mwanzo. Wa kipandikizi hutoa mizizi minene lakini mara nyingi haupati umbo lile la chupa. Bado unaweza kuuboresha: kila unapobadilisha chungu, inua mmea sentimita 2 au 3 ili sehemu ya juu ya mizizi minene ionekane.

Ila usifanye sasa. Huu si mmea wa kukatwa mizizi kwenye unyevu wa masika ya pwani, utaoza. Ngoja mvua zikatike na joto lirudi. Siku hiyo, kata mizizi iliyooza hadi nyama safi, acha mmea kivulini siku tano hadi saba vidonda vikauke, panda kwenye mchanganyiko mkavu wenye kokoto ndogo nyingi, na usimwagilie kwa wiki moja nyingine. Vaa glavu. Utomvu wake ni sumu ya moyo, na barani Afrika umetumika kupakwa kwenye mishale. Watoto na mbuzi wasiukaribie.

Nilibandua gome la tawi la mndimu, nikafunga udongo na nailoni ili litoe mizizi. Miezi mitatu, hakuna kitu, na gome limejiunga tena.
*Msomaji, Morogoro*

Pete ya gome uliyobandua ilikuwa nyembamba, au hukukwangua utando wa chini yake. Maji hupanda kupitia mti wa ndani, lakini chakula kutoka majanini hushuka kupitia gome. Ukikata njia hiyo, chakula hulundikana ukingo wa juu wa jeraha, na hapo ndipo mizizi hutokea. Ule utando wenye utelezi uliobaki juu ya mti ndio uliounda gome jipya na kufungua njia.

Chagua tawi la unene wa kidole. Bandua pete ya sentimita 2 hadi 3, kisha kwangua utando wote kwa kisu hadi uguse mti mkavu. Badala ya udongo tumia nyuzi za makumbi zilizolowekwa usiku kucha, halafu uzikamue kwa nguvu hadi zisidondoke tone. Zungushia nailoni angavu, kaza juu na chini ili mvua isiingie, funika kwa karatasi ya foili. Fungua foili kila wiki mbili uchungulie. Kata tawi mizizi inapokuwa mingi na imeanza kugeuka kahawia, si ile ya kwanza nyeupe, na upunguze nusu ya majani siku hiyohiyo.

Niko Leicester. Nina fikasi ndogo ya bonsai dirishani. Hapa majira ya kuchipua yameanza Machi, nibadilishe udongo?
*Msomaji, Uingereza*

Machi ni ya miti ya huko, ile inayopukutisha majani, pale vijicho vyake vinapovimba. Fikasi ni mti wa nchi za joto. Haifuati kalenda ya nje bali joto la chumba chako. Subiri hadi joto la usiku chumbani lisishuke chini ya nyuzijoto 15, kwa kawaida kuelekea Juni, na uone majani mapya yakitoka. Kwa sasa isogeze tu mbali na kioo usiku na umwagilie kidogo. Ikidondosha majani machache baada ya kuhamishwa, iache hapohapo. Kuihamisha tena kutaidondosha mengine.